Juu ya Handaki la Gotthard: Safari ya Kuufuata Mwamba

Jumatatu, Flüelen na Ziwa Uri

Tulikuja Uswisi kwa shabaha moja: kutembea juu ya ardhi kutoka Göschenen hadi Airolo, tukifuata kadiri njia itakavyoruhusu mstari wa handaki la zamani la reli la Gotthard lililo chini yake, ili tuione mchana miamba ambayo wachimbaji wa karne ya 19 waliikuta gizani, na tujadiliane jinsi mlipuaji wa leo angeipangia baruti. Mimi nimefanya kazi ya ulipuaji katika migodi ya dhahabu ya chini ya ardhi katika Kanda ya Ziwa. Mwenzangu ni mjiolojia wa Dodoma, na ubishi wetu ni wa miaka mingi. Handaki linapomegeka kupita mstari uliochorwa, yeye husema mwamba ndio uliotaka hivyo, nami husema tupime kwanza mashimo yalivyochorongwa.

Tulianza na baruti yenyewe. Boti ilitupeleka Isleten, mahali padogo penye mteremko mkali wa mlima nyuma yake, ambako mwaka 1873 kilianzishwa kiwanda cha dinamiti kwa ajili ya Gotthard. Alfred Nobel alikuwa ameipatia dinamiti hataza mwaka 1867, kwa hiyo mkandarasi wa Gotthard alikuwa na silaha ambayo wachimbaji wa handaki la Mont Cenis, kati ya Ufaransa na Italia, hawakuwa nayo walipoanza mwaka 1857 kwa baruti nyeusi. Baruti nyeusi huungua upesi sana na kuusukuma mwamba kwa gesi. Dinamiti hutoa kwanza wimbi la mshtuko linaloupasua mwamba, kisha gesi huingia katika nyufa hizo na kuvitupa vipande mbele.

Katika mwamba mzima usio na nyufa, wimbi hilo ndilo lenye kazi kubwa, lakini katika mwamba uliokwisha kupasuka wenyewe hufifia kila linapofika kwenye ufa, na gesi hutoroka kabla haijasukuma kitu. Ndiyo maana sijawahi kuamini kwamba baruti kali zaidi ni jibu la mwamba unaobadilikabadilika, ingawa wauzaji wake hawachoki kusema hivyo.

Jumanne, Göschenen

Treni ya njia ya zamani hupanda ikizungukazunguka ndani ya milima, na kanisa la Wassen huonekana mara tatu katika viwango vitatu tofauti, kwanza juu ya abiria na mwishowe chini yake. Göschenen ni kijiji kilichobanwa bondeni, na mdomo wa handaki uko hatua chache tu kutoka stesheni.

Mkataba wa Louis Favre, mkandarasi wa Geneva, ulitiwa saini Agosti 1872. Aliahidi kukamilisha kilomita 15 katika miaka 8, kwa masharti kwamba kila siku ya kuchelewa ingemtoza faranga 5,000 na kila siku ya kuwahi ingemlipa kiasi hichohicho. Mtu anayefanya kazi chini ya saa ya namna hiyo huona kila kusita mbele ya mwamba kuwa hasara. Mwaka 1875 wafanyakazi wa hapa Göschenen waligoma, na watu wanne wakauawa kwa risasi.

Upande huu handaki linaanza katika graniti ya Aare, mwamba mgumu, mzima, wenye nyufa chache. Mgeni wa kazi hudhani kwamba graniti ndiyo shida kubwa. Kwa mlipuaji graniti ni mwamba mwaminifu: leo uko kama jana, na mpangilio wa mashimo uliofaulu jana utafaulu leo pia. Shida yake ni kuufungua. Katika machimbo ya wazi mwamba una pande mbili za kukimbilia, ilhali uso wa handaki una upande mmoja tu, ule unaokutazama. Kwa hiyo katikati ya uso huchorongwa mashimo ya ufunguzi, na siku hizi mawili au zaidi kati yake huwa mapana, ya milimita 100 hivi, nayo huachwa matupu. Mashimo membamba yanayoyazunguka hulipuka kwanza, moja baada ya jingine kwa kupishana sehemu ndogo za sekunde, yakimomonyokea ndani ya utupu huo. Tundu hupanuka, mashimo ya nje hupata pa kusukumia, na mwisho kabisa hulipuka mashimo ya ukingo na ya sakafuni. Ufunguzi ukifeli, mkupuo mzima, yaani mlipuko mmoja wa mashimo yote ya uso, umefeli: kinachobaki ni uso uliojaa vitako vya mashimo, pengine vyenye baruti ambayo haikulipuka, na hapo ndipo watu hufia.

Wachimbaji wa Favre walitumia mashine za kuchoronga zilizoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na hewa hiyo ilishindiliwa kwa nguvu ya maji ya mto Reuss. Hewa iliyotoka katika mashine ndiyo waliyoivuta mapafuni, na haikutosha kamwe.

Mchana tulipanda kwa miguu katika korongo la Schöllenen. Kando ya barabara, mahali mwamba ulipokatwa kwa ulipuaji wa kisasa, tulikuta alama nilizotaka mwenzangu azione: mifereji myembamba iliyonyooka, nusu ya kila shimo ikiwa imebaki ukutani. Alama hizo ndizo kipimo rahisi kuliko vyote cha ulipuaji laini wa ukingo, mbinu iliyokuzwa Sweden katika miaka ya 1950. Mashimo ya ukingo husogezwa karibu karibu, kwa kawaida chini ya sentimita 70. Kila moja hupewa baruti kidogo, nyembamba kuliko shimo lenyewe, na yote hulipuliwa kwa wakati mmoja ili ufa utoke shimo hadi shimo badala ya kupenya ukutani. Nusu hizo zikibaki kwa wingi, mwamba uliosalia haukuumizwa. Zikikosekana kabisa katika graniti kama hii, mjiolojia hana mwamba wa kuulaumu.

“Hapa nakubali, kaka,” alisema. “Ngoja tufike Andermatt.”

Juu ya korongo tulipita Urnerloch, tundu la mita 64 lililotobolewa na Pietro Morettini na kukamilika mwaka 1708 ili njia ya nyumbu isining’inie tena juu ya mto. Lilikuwa handaki la kwanza la barabara katika Alps, nalo lilichimbwa kwa baruti nyeusi. Baadaye limepanuliwa mno, hata mkono wa Morettini hauonekani tena.

Jumatano, Andermatt

Ukitoka Urnerloch bonde hufunguka ghafla. Nyuma kuna korongo la graniti ambalo jua halilifikii vizuri, mbele kuna uwanda mpana wa majani. Mto umeshindwa kuipanua graniti lakini umeupata ukanda wa Urseren: tabaka za shisti (mwamba unaoachana kwa majani), chokaa na miamba mingine dhaifu zilizosimama karibu wima, zilizobanwa kati ya miamba miwili mikubwa. Mwenzangu alinyoosha mkono akaniuliza nini zaidi ambacho mhandisi wa 1872 angehitaji kukiona. Swali zuri. Uwanda huu uko takriban mita 300 tu juu ya handaki, na sura yake yenyewe ni taarifa.

Chini ya hapa, kabla ya kilomita 3 kutoka Göschenen, handaki liliingia katika mwamba ambao felspa yake, moja ya madini yanayounda graniti, ilikuwa imeoza na kugeuka udongo. Ulipoachwa wazi, ulivimba na kusukuma kutoka pande zote. Miti ya egemeo ilivunjika, matao ya mawe yaliyojengwa yakapasuka, yakabomolewa, yakajengwa upya mazito zaidi, yakapasuka tena.

Wahandisi wengi walimlaumu Favre kwa utaratibu wake wa uchimbaji. Alitoboa kwanza njia ndogo juu, penye paa la handaki, akaipanua pembeni, akajenga tao, ndipo akashuka kuchimba sehemu ya chini huku miguu ya tao ikishikiliwa. Katika graniti tao hilo lilisimama, lakini hapa lilisimama juu ya ardhi ambayo yenyewe ilikuwa inatembea. Handaki la Arlberg huko Austria, lililoanza mwaka 1880, lilitanguliza njia ya chini na likaenda kwa kasi zaidi. Kwa maoni yangu lawama hiyo ni ya haki nusu tu. Kosa halikuwa kuchagua utaratibu fulani. Lilikuwa kubaki nao baada ya mwamba kubadilika, na mkataba wenye faini ya kila siku ulifanya kubadili kuwe kugumu.

Tulikaa kwenye ukingo wa mto tukapanga jinsi sisi tungepita. Jambo la kwanza ni urefu wa mkupuo. Katika graniti nzuri mtu huchoronga mita 4 au 5 kwa mara moja. Hapa angeshuka hadi mita moja au chini yake, kwa sababu paa lisiloshikiliwa lina muda wake wa kusimama, na muda huo hufupika upesi kadiri sehemu iliyo wazi inavyorefuka. Mkupuo mfupi una faida nyingine ambayo wasimamizi wengi hawaihesabu. Mtambo wa kuchoronga hauwezi kubana kabisa ukutani, kwa hiyo mashimo ya ukingo huelekezwa nje kidogo ili mkupuo unaofuata upate nafasi. Kanuni inayotumiwa sana huruhusu sentimita 10, na sentimita 3 zaidi kwa kila mita ya shimo. Shimo la mita 5 huishia sentimita 25 nje ya mstari. Shimo la mita 2, sentimita 16.

Juu ya hayo kuna makosa ya mkono. Nyuzi 2 za kupotoka katika shimo la mita 5 huleta sentimita 17 nyingine. Kama tao na kuta za handaki zina mzingo wa mita 20, sentimita 20 za ziada ni mita 4 za ujazo za kifusi kwa kila mita ya kusonga mbele, na kiasi kama hicho cha zege la kujazia. Kwa hiyo mtu aliyefupisha mkupuo hakupoteza muda wote anaodhaniwa kuupoteza.

Jambo la pili ni kuacha baruti inapokosa kazi. Katika udongo wa felspa nisingelipua uso wote. Ningetumia chuma cha kuchimbulia, na baruti kidogo tu pale vipande vigumu vinapobaki, kisha zege la kupuliza lifuate mara moja, na bolti ndefu zifungwe hata kwenye uso wenyewe ili usisogee.

Mwenzangu alitaka kitangulie kitu kingine: shimo la kuchungulia, la mita 20 au 30 mbele ya uso, linalochorongwa kila wakati hata pale kila kitu kinapoonekana salama. Hapo sina ubishi naye. Mtambo wa kisasa huandika wenyewe kasi ya kupenya, shinikizo la kusukuma na la kuzungusha, na maji yanavyorudi, kwa kila sentimita chache za shimo. Kasi ikipanda ghafla na maji yakapotea, kuna ufa au udongo, na anayesoma kumbukumbu hizo anajua kabla ya kupakia baruti. Madini ya kwatzi na ulanga (maika) yana sauti zao katika usukani wa drili, na wachorongaji wazee wa Geita walizisikia bila kompyuta. Kompyuta imeongeza uwezo wa kumwonyesha msimamizi kile ambacho fundi alikisema asisikilizwe.

Alhamisi, kileleni

Tulipanda hadi kilele cha njia, mita 2,106. Katika sehemu hii ya kati unene wa mlima juu ya handaki hufikia takriban mita 1,800, na joto la mwamba chini lilizidi nyuzi 30. Miamba mingi ni naisi (mwamba wenye mistari ya tabaka) na graniti, migumu, ya kutegemewa. Upepo ulikuwa mkali, maziwa madogo yalikuwa ya rangi ya risasi, na hatukuwa na mengi ya kubishania.

Ila nilimwonyesha mkanda wa naisi karibu na ziwa, ambao tabaka zake zimelala kwa pembe. Mwamba wa namna hii hupasuka kufuata tabaka zake hata kama mashimo yamenyooka kama mstari wa rula. Handaki likikata tabaka hizo kwa kukingama, ukingo hutoka vizuri. Likienda sambamba nazo, bega moja humegeka na jingine hubaki na uvimbe, na anayeona picha ya handaki hilo hudhani fundi alilewa. Dawa yake ni kuacha kuzitendea pande mbili sawa: upande unaomegeka upewe mashimo ya karibu zaidi na baruti pungufu, upande wa pili ubaki na kawaida yake. Nimeona michoro mingi ya ulipuaji iliyo linganifu kushoto na kulia kwa sababu tu programu iliyoichora ilipendelea hivyo.

Ijumaa, kushuka hadi Airolo

Barabara ya zamani ya Tremola, iliyotandazwa mawe, hushuka kwa vipinda vingi vilivyopangana. Hapa mwamba ni shisti yenye ulanga mwingi. Ukiipiga nyundo huachana kwa majani, na juani hung’aa. Mwenzangu alikuwa nyumbani kwake. Alisema milima ya Ulanga na Uluguru ingeweza kumpa mwanafunzi somo hilihili bila nauli ya ndege, jambo ambalo ni kweli, na akakumbusha kwamba mahandaki manne ya reli ya SGR kule Kilosa nayo yamepita katika milima ya miamba ya zamani iliyokunjwa na kuchakaa kwa hali ya hewa, ambako ugumu hubadilika ndani ya mita chache.

Upande wa Airolo adui alikuwa maji. Yalizidi lita 200 kwa sekunde, na watu walichoronga wakiwa wamelowa, wamesimama katika mkondo. Maji hubadilisha ulipuaji kwa namna kadhaa. Mashimo hujaa, na baruti ya chembechembe za amonia naitreti inayopendwa leo kwa bei yake nafuu huyeyuka na kufa. Ndiyo maana katika mahandaki yenye maji hutumiwa emalshani, baruti nzito kama krimu, ambayo haiingii maji na hupampiwa moja kwa moja hadi kwenye kitako cha shimo, kwa kiasi kinachoweza kupunguzwa shimo hadi shimo. Maji pia huosha udongo ndani ya nyufa, hivyo mwamba uliosimama vizuri jana unaweza kuporomoka leo bila kuguswa. Njia ya uhakika ni kuyazuia kabla ya kulipua, kwa kusukuma saruji ndani ya nyufa kupitia mashimo marefu ya mbele, kazi ambayo husimamisha uchimbaji na humfanya kila meneja atazame saa.

Tulisimama mbele ya mchongo wa Vincenzo Vela karibu na stesheni: wanaume wakimbeba mwenzao aliyekufa. Takriban watu 200 walikufa katika ujenzi, bila kuhesabu waliokwenda kufia makwao kwa minyoo ya safura iliyostawi katika tope na joto la handaki. Favre mwenyewe alianguka na kufa ndani ya handaki mnamo Julai 19, 1879. Pande mbili zilikutana Februari 29, 1880, zikiwa zimepishana sentimita 33 kwa upana na 5 kwa kimo. Kwa vyombo vya wakati ule ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Jumamosi, Faido na njia ya kurudi

Kwa basi tulishuka bonde la Leventina hadi Faido, ambako chini ya mlima linapita handaki jipya la msingi la Gotthard, kilomita 57, lililofunguliwa Juni 2016. Sehemu kubwa ya mirija yake mikuu ilichimbwa kwa mashine kubwa za kukata mwamba, lakini pale ambapo jiolojia au umbo la handaki lilikuwa gumu, kama vile chini ya kijiji cha Sedrun na katika kituo cha dharura cha Faido ndani ya handaki, walirudi kwenye kuchoronga na kulipua.

Walikuwa na hofu ya Piora, bonde lililo juu kaskazini, lenye dolomaiti (mwamba wa jamii ya chokaa) iliyosagika kama sukari na kujaa maji. Katika miaka ya 1990 walichimba kwanza njia ya uchunguzi ya zaidi ya kilomita 5 na kuchoronga kutoka hapo, wakagundua kwamba katika kina cha handaki dolomaiti hiyo ilikuwa ngumu na kavu. Hapa Faido kwenyewe, ambako mwamba ulitarajiwa kuwa mzuri, ndiko walikokuta mipasuko isiyotazamiwa, hata ikabidi vyumba vikubwa vya kituo vihamishiwe kusini. Mwenzangu aliufurahia mfano huo kupita kiasi, nami nikamkumbusha kwamba waliweza kuvihamisha kwa sababu walikuwa wakilipua; mashine ya kukata isingegeuza kichwa.

Hoja hiyo inaendelea hata sasa katika mrija wa pili wa handaki la barabara la Gotthard, ambako kanda mbovu zilipangiwa kuchimbwa mapema kwa njia za kawaida ili mashine kubwa zisinaswe ndani yake.

Jioni tulipanda treni kurudi kaskazini kupitia handaki la msingi. Mahali fulani gizani tulipita chini ya Sedrun, katika mwamba unaokaza kama ule wa Andermatt. Huko wahandisi hawakujaribu kuushinda kwa tao zito. Walilipua kwa upana uliozidi haja, wakaweka matao ya chuma yenye viungo vinavyoteleza, wakauacha mwamba usogee hadi sentimita 70 kabla ya kuufunga kwa zege la mwisho. Pande za Faido na Sedrun zilipokutana Oktoba 15, 2010, zilikuwa zimepishana sentimita 8 kwa upana na sentimita 1 kwa kimo.

Ubishi wetu tuliupangia kazi. Katika mradi wake ujao mwenzangu ataomba uso wa kila mkupuo upimwe kwa leza, na kipimo hicho kiwekwe juu ya kumbukumbu za kila shimo na ramani yake ya nyufa. Palipo na shimo lililopotoka, mlipuaji atarekebisha mtambo. Palipo na shimo lililonyooka na bado paa limemegeka, mpangilio utabadilishwa kabla ya mkupuo unaofuata, na urefu wake utafupishwa. Mimi nimeomba jambo moja la nyongeza: mkataba uweke bei tofauti kwa kila daraja la mwamba, ili msimamizi anayefupisha mkupuo asionekane mzembe katika karatasi za malipo.

“Hilo, kaka, utaliandika wewe,” alisema. “Wahasibu hawaelewi shisti.”